Chuo cha Kwanza au Chuo cha Mwisho?



Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama uwanjani wakijuliana hali, mzee mmoja wa mtaa wetu alitushika mkono akatupeleka pembeni, chini ya mwembe. Kijana wake wa kwanza alikuwa amemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri. Zizini alikuwa na ng'ombe ishirini na wawili. Washauri walikuwa wengi, nao hawakupatana. Mmoja alimwambia: "Mpeleke sasa hivi kwenye chuo chenye jina kubwa, hata kikiwa cha ghali, hata kikiwa nje ya nchi. Jina la chuo cha kwanza ndilo linalomfuata mtu maisha yake yote." Mwingine akamwambia: "Usipoteze mali. Shahada ya kwanza asome popote palipo rahisi, weka ng'ombe wako akiba, halafu shahada ya pili mpeleke penye jina. Watu huuliza ulikomalizia, hawaulizi ulikoanzia." Mzee akatutazama, akasema: "Mwalimu, kati ya hawa wawili nani asemaye kweli?"

Siku ile hatukumjibu. Tulimwomba atupe muda, kwa kuwa swali lake lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana, na kwa kuwa zamani tuliwahi kujibu swali la namna hiyo kwa haraka, jambo lililotuletea majuto. Habari hiyo tutaieleza mbele kidogo. Tumeona afadhali jibu lenyewe tuliandike hapa katika jarida letu la parishi, maana tunajua kwamba mzee huyu hayuko peke yake. Kila mwaka matokeo yanapotoka, nyumba nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita hukesha zikizungumza jambo hili hili.

Yafaa tuseme kwanza sisi ni nani katika habari hii. Sisi hatukufika chuo kikuu. Tulipita chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya themanini, tukapewa cheti cha Daraja la Tatu A, tukafundisha shule za msingi mpaka tukastaafu. Kwa hiyo hatuna chuo kikuu chetu cha kukitetea wala cha kukionea haya. Tulicho nacho ni kumbukumbu ya watoto wengi waliopita mikononi mwetu wakiwa hawajui kushika kalamu, ambao leo wengine ni waganga, wengine wahandisi, wengine mafundi, wengine wakulima na wachimbaji. Tumewaona walikoanzia na tumewaona walikofika.

JINA HUFANYA KAZI GANI?

Kabla ya kuuliza jina lipi ni kubwa zaidi, la kwanza au la mwisho, hatuna budi kuuliza jina lenyewe hufanya kazi gani. Sisi watu wa huku tunaweza kulielewa jambo hili upesi, kwa sababu tunaishi karibu na dhahabu.

Duara likitema, habari huenea usiku kucha, na kesho yake watu wamekwisha kufika. Wako wanunuzi wanaonunua mawe yakiwa bado kwenye mifuko, hayajasagwa. Ndani ya jiwe hakuna aonaye. Basi mnunuzi hununua jina la duara. Anajiambia kwamba mawe yaliyotoka pale juzi yalikuwa na dhahabu, na haya huenda yakawa nayo. Lakini mawe yakishapita kwenye karasha, yakaoshwa, dhahabu ikachomwa na kupelekwa kwenye soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019 likiwa la kwanza la namna yake katika nchi yetu, mambo hubadilika. Pale dhahabu huwekwa kwenye mzani na kupimwa usafi wake, na bei hufuata vipimo hivyo. Ikiwa nyepesi, jina la duara ilikotoka haliiongezei hata gramu moja.

Jina la chuo hufanya kazi hiyo hiyo. Kijana aliyemaliza masomo jana ni kama jiwe ambalo halijasagwa. Mwajiri hajui kama ana bidii au ni mvivu, kama ni mwaminifu au si mwaminifu. Kwa kukosa kipimo kingine, anatazama jina la chuo. Kwa hiyo jina lina nguvu sana mahali ambapo mtu hajulikani bado, yaani kwenye mlango wa kazi ya kwanza. Akishafanya kazi miaka mitano, kazi yake yenyewe ndiyo inayozungumza, na jina linaanza kunyamaza.

Tusilidharau jina hata hivyo. Aghalabu chuo hakikuliokota jina lake barabarani. Nyuma ya jina jema kuna maktaba, kuna maabara zenye vifaa, kuna walimu waliobobea, na kuna wanafunzi wenzako ambao kesho watakuwa wakuu wa idara na mameneja, nao watakukumbuka. Mwenye kusema kwamba kujuana hakusaidii kitu katika nchi hii, huyo hajawahi kutafuta kazi.

Wala tusisahau tulikotoka. Makerere ilianza mwaka 1922, na kwa miaka mingi kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu bila kuvuka bahari aliitazama Makerere tu. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba tulipojitawala nchi nzima ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili tu. Siku zile hakuna aliyeuliza shahada ya chuo gani, maana kuwa nayo tu kulitosha. Leo mambo ni mengine. Chuo Kikuu cha Sokoine kilianzishwa mwaka 1984, cha Mtakatifu Agustino pale Mwanza mwaka 1998, na mwaka 2007 vikaanza viwili Dodoma, kile cha Serikali na kile cha Mtakatifu Yohana cha Kanisa letu la Anglikana. Vingine vingi vimefuata. Wenye shahada wamekuwa wengi kuliko nafasi za kazi, na ndiyo sababu watu wameanza kuulizana majina. Panapokuwa na wengi wanaofanana, kila mmoja hutafuta alama ya kumtofautisha na mwenzake.

MDOMO NA FAILI

Sasa turudi kwa wale washauri wawili. Yule wa pili, asemaye kwamba watu huuliza ulikomalizia, anasema kweli kuhusu midomo ya watu. Kwenye kadi za harusi, kwenye michango na kwenye risala, mtu hutajwa kwa shahada yake ya mwisho na chuo chake cha mwisho. Lakini faili halisomi kama mdomo unavyosoma. Faili husomwa kuanzia ukurasa wa kwanza. Tutatoa mifano minne ya hapa hapa nchini.

Mfano wa kwanza ni wa vyuo vikuu vyenyewe. Mtu angedhani kwamba huko, kuliko kote, shahada ya juu ingefunika ya chini. Lakini tazama matangazo ya kazi ya mhadhiri msaidizi katika vyuo vya umma kwa miaka hii ya karibuni. Mengi hudai wastani wa 4.0 kati ya 5 katika shahada ya uzamili, na papo hapo hudai 3.8 katika shahada ya kwanza. Aliyecheza akiwa kijana wa miaka ishirini, halafu akajirekebisha akiwa na thelathini, hukuta ule mchezo wake wa zamani bado umekaa mlangoni ukimngoja. Tunaona kuna ukali katika utaratibu huu. Lakini ndivyo ulivyo, na mzazi inafaa aujue.

Mfano wa pili ni wa wanasheria. Tangu mwaka 2008 wahitimu wa sheria wanaotaka kuwa mawakili hupita kwenye shule moja, yaani Shule ya Sheria kwa Vitendo, Dar es Salaam. Anakuja wa chuo chenye jina, anakuja wa chuo kisichojulikana, wote wanakaa kwenye madawati yale yale na kufanya mtihani ule ule. Mwaka 2022 matokeo yalitangazwa na nchi nzima ikashtuka. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, walioambiwa warudie baadhi ya mitihani walikuwa 342, na waliobaki 265 walishindwa kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza jambo hilo. Wengine waliilaumu shule yenyewe, wengine wakavilaumu vyuo vilikotoka vijana, na wengine wakashuka chini zaidi wakailaumu sekondari na hata sisi walimu wa msingi. Sisi hatukukasirika. Nyumba ikipata ufa juu, fundi mwenye akili huinama kutazama msingi.

Mfano wa tatu unauma, maana wapo waliokumbwa nao tunaowafahamu. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea pale Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Waliokutwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Uhakiki ule ulitazama vyeti vya kidato cha nne, vya kidato cha sita na vya ualimu. Haukuanza na shahada, ulianza chini. Na yeyote aliyekuwa amejenga juu ya cheti kisicho chake, vyote alivyovijenga vilianguka pamoja nacho, hata kama shahada aliyoipata baadaye aliisomea kwa jasho lake mwenyewe. Mwaka 2022 Serikali iliagiza warudishiwe michango yao ya pensheni, nalo lilikuwa jambo la huruma. Lakini kazi haikurudi.

Mfano wa nne ni wa wahandisi, ambao vijana wetu wengi wanatamani kuwa kwa sababu ya migodi. Mhitimu wa uhandisi haitwi mhandisi kamili siku anayovaa joho. Bodi ya Usajili wa Wahandisi hutaka kwanza shahada yenyewe iwe inatambuliwa, kisha mhitimu afanye kazi chini ya uangalizi wa wahandisi wazoefu. Mpango wa mafunzo hayo ulioanza mwaka 2003 ni wa miaka mitatu. Ona basi kwamba baada ya shahada ya kwanza kinachofuata siyo chuo kingine chenye jina. Kinachofuata ni kazi.

Kutokana na mifano hiyo tunasema hivi. Kwa kijana wa huku kwetu, masomo ya kwanza yana uzito kuliko ya mwisho. Lakini uzito huo hautoki kwenye jina la chuo. Unatoka kwenye mambo matatu: kwamba chuo na kozi yake vinatambuliwa kisheria, kwamba kozi yenyewe ina kazi mbele yake, na kwamba kijana amesoma kwa bidii akapata alama za kuonekana. Mtu mwenye hayo matatu kutoka chuo kidogo atapita milango ambayo mwenye jina kubwa na alama hafifu ataikuta imefungwa. Kwa hiyo washauri wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Wa kwanza alijua kwamba mwanzo ni muhimu, lakini akadhani mwanzo ni jina. Wa pili alijua kwamba jina la mwanzo halitoshi kununuliwa kwa ng'ombe wote, lakini akadhani mwanzo waweza kufanywa popote na vyovyote.

PALE CHUO CHA MWISHO KINAPOHESABIKA

Ili tuwe wa haki, tuseme pia yaliyo kweli upande wa pili. Kuna watu ambao chuo cha mwisho huwasaidia kweli kweli. Wa kwanza ni wale watakaofundisha vyuo vikuu au kufanya utafiti, kwa kuwa huko mtu hujulikana kwa mwalimu aliyemlea katika shahada ya juu. Wa pili ni wale wanaotafuta kazi nje ya nchi au katika mashirika ya kimataifa. Huko hakuna ajuaye vyuo vyetu vidogo, na jina la mwisho linalojulikana humtambulisha mtu. Wa tatu ni yule ambaye hali ya nyumbani ilimlazimisha kuanza mahali duni, naye ana kipaji. Kwa huyo shahada ya pili penye walimu wazuri ni kama nafasi ya kupandwa tena kwenye udongo bora. Tusimnyime.

Lakini hata hao hawakuruka. Kwa kawaida chuo chenye jina hakimpokei mtu kwenye shahada ya juu bila kutazama alama zake za shahada ya kwanza. Mlango wa pili hufunguliwa na ufunguo uliochongwa kwenye mlango wa kwanza.

Tuwatazame watu wawili ambao majina yao yanajulikana. Wa kwanza ni Mwalimu Nyerere mwenyewe. Alianza shule pale Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaenda Tabora, kisha Makerere mwaka 1943, alikopata stashahada ya ualimu. Akafundisha Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada ya M.A., ambayo kwa desturi ya vyuo vya kale vya Uskoti ni shahada ya kwanza, ingawa herufi zake kwingineko huonyesha ya pili. Hapo tuone jinsi majina ya shahada yanavyoweza kuwachanganya watu. Aliporudi alifundisha Pugu. Alikuwa na jina la Makerere na jina la Edinburgh, yote mawili makubwa. Lakini wananchi hawakumwita kwa hili wala kwa lile. Walimwita Mwalimu, kwa kazi aliyoifanya katika madarasa ya Tabora na Pugu.

Wa pili ni John Williamson, yule Mkanada wa Mwadui. Jiolojia aliisoma hadi udaktari katika Chuo Kikuu cha McGill, nacho ni chuo chenye sifa duniani. Lakini almasi za Mwadui alizipata mwaka 1940, baada ya miaka ya kuzunguka porini kwetu huku akitafuta. Elimu ya McGill ilimwambia aina ya mwamba wa kutafuta, wala hatupunguzi heshima ya elimu hiyo. Lakini jua, kiu na kutokata tamaa havikuandikwa kwenye shahada yake. Na almasi zile zilikuwa chini ya ardhi kwa vizazi vingi, hazikuwa zikimsubiri mtu wa chuo fulani.

Tena tukumbuke kwamba hata mgodi wenye jina hufika mwisho. Buzwagi pale Kahama ulifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2021 uchimbaji ukawa umekwisha. Vijana walioringa kwa kitambulisho cha mgodi shingoni walikirudisha getini. Wenye ufundi mikononi waliondoka nao, wakaenda kuutumia kwingine.

GHARAMA YA JINA, NA NANI ANAILIPA

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba jambo hili ni la kijana na kazi yake peke yake. Lakini mzee yule alipotaja ng'ombe ishirini na wawili, tulijua kwamba pana watu wengine katika habari hii ambao hawakutajwa. Ana mabinti wawili, mmoja yuko kidato cha pili, na mdogo wake yuko darasa la sita.

Serikali ilifuta ada za sekondari za umma hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikafuta na za kidato cha tano na sita. Tunashukuru. Lakini nauli haikufutwa, wala sare, wala godoro, wala madaftari, wala sabuni. Kwa chuo kikuu ipo Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, nayo husaidia hasa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Aliyekopeshwa akipata ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Kwa shahada ya pili wengi hulipa wenyewe, au hulipiwa na mwajiri. Kwa hiyo baba anayeuza ng'ombe wote leo kwa ajili ya jina la chuo cha kijana mmoja, anauza pia kidato cha tano cha binti yake. Na anayewaweka ng'ombe wote akiba kwa shahada ya pili ya kijana huyo huyo, naye amewafungia mabinti mlango ule ule kwa ufunguo mwingine.

Hapa ndipo tunapoona kwamba swali la mzee lilikuwa la haki zaidi kuliko la kazi. Elimu ya mmoja ikinunuliwa kwa ujinga wa mwingine katika nyumba moja, hiyo siyo baraka kwa nyumba. Kijana atarudi na joho lake, atapigiwa vigelegele, na nyuma ya wapiga vigelegele atasimama dada yake aliyekaa nyumbani ili yeye asome penye jina.

Sasa tueleze lile jambo letu. Mwaka 1995 binti mmoja, ambaye tulimfundisha mpaka darasa la saba, alimaliza kidato cha nne. Akapata nafasi katika chuo kidogo cha uuguzi. Baba yake akaja kutuuliza, kwa sababu alituheshimu. Sisi tulikuwa na kiburi cha kutaka wanafunzi wetu wasikike mbali. Tulimwambia: "Chuo chenyewe hakijulikani. Asubiri, arudie mtihani, aende kidato cha tano kwenye shule yenye jina, mwishowe afike chuo kikuu." Baba akatusikiliza. Mwaka uliofuata baba akaugua, pamba haikulipa, mtihani haukurudiwa, na nafasi ya uuguzi ilikuwa imekwisha kwenda kwa mwingine. Yule binti akaolewa. Hakuna mtu aliyetulaumu, jambo ambalo lilitufanya tujilaumu zaidi.

Miaka mitatu iliyopita tulipita upande wa Geita, karibu na mialo ya wachimbaji, tukaingia kwenye kibanda cha mama lishe kula ugali na dagaa. Alikuwa ni yeye. Alituamkia kwa heshima ile ile ya darasani, akakataa kupokea fedha yetu. Akatuambia kwa furaha kwamba binti yake wa mwisho yuko chuoni anasomea uuguzi. Na sisi, baada ya yote hayo, neno la kwanza lililotutoka mdomoni lilikuwa: "Chuo gani?" Akakitaja. Hatukukijua. Tuliinamia sahani yetu tukaona haya, kwa maana tulijua kwamba ule ugonjwa wetu bado haujapona.

Ndiyo maana hatukumjibu mzee kwa haraka. Ugonjwa wa majina hautushiki sisi peke yetu. Umo katika parishi zetu. Tunawapangia wageni viti vya mbele kwa kufuata shahada zao. Siku hizi hata udaktari wa heshima unatolewa hotelini na vyuo ambavyo hakuna ajuaye viko wapi, na sisi tunapiga makofi. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini nani analipiga? Ni sisi wasikilizaji.

TULIVYOMJIBU MZEE

Basi Jumapili ya tatu tulikaa naye tena chini ya mwembe ule ule, tukamwambia hivi. Kwanza, ahakikishe kwamba chuo na kozi vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na kama ni taaluma yenye bodi yake, bodi hiyo inavikubali. Pili, kijana aombe mkopo, na achague kozi kwanza ndipo achague chuo. Kati ya vyuo vinavyofundisha kozi hiyo, achague kile chenye walimu na vifaa bora anachoweza kukimudu bila kuivunja nyumba. Tatu, aambiwe waziwazi kwamba alama zake za mwaka wa kwanza zinaanza kuandikwa siku ya kwanza, na hakuna chuo cha baadaye kitakachozifuta. Nne, akimaliza, afanye kazi kwanza. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliwataka vijana wafanye kazi kabla ya kuingia chuo kikuu, na ingawa utaratibu huo ulilegezwa baadaye, ulikuwa na hekima moja: mtu aliyefanya kazi anajua anachokwenda kukitafuta darasani. Tano, kazi ikimwonyesha kwamba anahitaji shahada ya pili, hapo ndipo jina la chuo litazamwe, na wakati huo atalipa mwenyewe au mwajiri wake atalipa. Zizi la baba litakuwa limemaliza sehemu yake.

Mzee akanyamaza akihesabu kwa vidole. Kisha akauliza: "Kwa hiyo, Mwalimu, niuze wangapi?"

Tukamwambia: "Uza wanane, kidogo kidogo, kwa miaka yote ya chuo. Kumi na wanne waache zizini. Hao wana wenyewe."

Alielewa. Alicheka, akasema kwamba yule wa kidato cha pili anamshinda kaka yake katika hesabu.

Nasi tuna ombi moja kwenu wasomaji, na kwa wazee wa kanisa wanaoandaa matangazo. Mwisho wa mwaka tunaposoma majina ya vijana wetu waliohitimu, tuyasome yote pamoja: wa chuo kikuu, wa ualimu, wa uuguzi, na wa VETA aliyejifunza kuchomelea vyuma. Tutaje kila mmoja alichojifunza na kazi anayoweza kutufanyia. Jina la chuo, kwa siku hiyo moja, tuliache nje ya mlango.